Kabla ya Kuiongezea Kompyuta Nguvu, Jua Inangoja Nini

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwenye maduka ya barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu, au Kenyatta Avenue mjini Nakuru, zilishafanya kazi ofisini Uingereza kabla ya kufika huku. Watu huziita ex-UK. Ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre, mashine za bati gumu na vipuri vya kudumu, ambazo licha ya umri wao bado zina uwezo. Muda ukipita, mwenye saiba (duka la intaneti) Kondele, katibu wa shule Njoro au mpiga picha wa Kakamega anaona yake imeanza kujikokota. Anaipeleka kwa fundi, anaambiwa aongeze RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, analipa, anairudisha mezani, nayo inajikokota vilevile.

Si lazima fundi awe amemdanganya. RAM imeongezwa kweli. Ila mashine haikuwa ikingoja RAM. Kompyuta iliyo polepole mara chache huwa dhaifu kila mahali. Kwa kawaida kuna kipuri kimoja kinachowachelewesha wengine wote. Huenda ni diski, RAM, prosesa, kadi ya picha, vumbi kwenye feni, au hata intaneti ambayo haimo ndani ya sanduku kabisa. Ukiongeza kisichongojewa, pesa inakwenda na kasi inabaki pale pale. Kwa hiyo swali la kama mashine inastahili kuongezewa nguvu huanza na kipimo ambacho hakigharimu shilingi.

Ipime ikiwa kazini

Usiipime asubuhi ikiwa imepumzika. Ipime saa ile inayokuchosha: mwishoni mwa Juni watu wakifaili ritani za kodi za KRA, au siku ambazo wanafunzi wamepanga foleni kuchagua kozi za KUCCPS. Fungua kila unachofungua siku kama hiyo, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itatokea. Ikiwa ni kidirisha kidogo kisicho na grafu, bofya More details, halafu ingia Performance.

Anza na diski. Ukiona Active time imeganda karibu na asilimia 100 ilhali kasi ya kusoma ni megabaiti moja au mbili kwa sekunde, umeshampata mkosaji. Namba hizo mbili zinaonekana kugongana, lakini zina sababu. Diski ya kuzunguka ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Kila faili inapotafutwa, mkono wa diski husogea kwa takriban milisekunde 8 au 9, kisha hungoja sahani izunguke hadi mahali panapotakiwa, wastani wa milisekunde 4 nyingine. Jumla yake inaruhusu utafutaji usiozidi 80 hivi kwa sekunde. Filamu moja kubwa itanakiliwa vizuri kwa sababu imepangwa mfululizo, lakini Windows inapowaka huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. SSD, diski ya chipu, haina kinachozunguka. Hujibu chini ya milisekunde moja, na inaweza kujibu maombi makumi ya maelfu kwa sekunde. Ndiyo maana mashine ya mwaka 2013 iliyowekewa SSD humshangaza mwenyewe kuliko mpya yenye diski ya kuzunguka.

Kisha tazama Memory. Hapo utaona, kwa mfano, 7.3/7.9 GB. Tazama pia Committed. Namba yake ya kushoto ikizidi sana RAM uliyo nayo, programu zimeomba nafasi isiyokuwepo, na Windows inalazimika kuhamisha vitu kwenda kwenye diski na kuvirudisha. Hapo RAM itasaidia. Lakini ukiwa umefungua kila kitu na matumizi yamesimama kwenye GB 5 kati ya 8, kuongeza hadi 16 ni kununua kabati la pili wakati la kwanza halijajaa. Ukurasa huohuo unakuonyesha sloti ngapi za RAM zimetumika, kama 2 of 4, bila hata kufungua sanduku. Ukiona sehemu kubwa ya RAM imeandikwa Hardware reserved, angalia kama Windows yako ni ya biti 32. Hiyo haitumii zaidi ya GB 4 hata ukiweka 32, na dawa yake ni kuweka Windows ya biti 64.

Prosesa inahitaji jicho la makini zaidi. Mashine yenye viini vinne (cores, sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba) inaweza kusoma asilimia 25 tu huku kiini kimoja kikiwa kimefika mwisho. Bofya grafu kwa kitufe cha kulia, chagua Change graph to, halafu Logical processors. Vijisanduku vyote vikijaa, kazi yako inaweza kutumia viini zaidi. Kimoja kikijaa na vingine vimelala, viini vya ziada havitakufaa kitu. Utahitaji prosesa ambayo kila kiini chake ni chepesi, na hiyo kwa kawaida ni ya kizazi kipya.

Palepale tazama Speed. Prosesa ya GHz 3.2 inayofanya kazi kwa GHz 0.8 wakati kazi ni nyingi imejipunguza yenyewe, na mara nyingi ni kwa ajili ya joto. Programu ya bure ya HWiNFO itakuonyesha nyuzi. Prosesa nyingi za Intel hujizuia zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Jina la Nakuru hufasiriwa kutoka Kimaasai kuwa mahali pa vumbi, na ukifungua sanduku lililokaa miaka miwili kwenye duka linalotazama barabara utaelewa kwa nini. Kisumu ina joto lake, pamoja na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku na kuishia kwenye feni za saiba zinazofunga kwa kuchelewa. Zima mashine, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe. Sugua kwa brashi laini, puliza, na wakati unapuliza ishike feni kwa kidole isizunguke, maana kuizungusha kwa nguvu huharibu beringi. Ikiwa prosesa haijawahi kufunguliwa kwa miaka, futa pesti ya zamani ya kupitisha joto iliyokauka na uweke mpya, kiasi cha punje moja ya njegere, si kijiko kizima. Kazi hii imerudisha kasi kwenye mashine nyingi zilizokuwa zimeshahukumiwa kuuzwa.

Na kabla hujafunga Task Manager, pitia Startup na uzime usivyohitaji, kisha hakikisha huna programu mbili za kuzuia virusi zinazopimana nguvu. Kama uzito uko kwenye kurasa za intaneti peke yake, jaribu ukurasa uleule kwa simu kwenye Wi-Fi ileile. Simu nayo ikichelewa, iache kompyuta.

Kizazi ndicho kinachoweka mpaka

Ukishajua mashine inangoja nini, uliza kama inaweza kupewa. Jibu limo kwenye jina la prosesa. Katika i5-4570, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, cha nne. i5-8500 ni ya kizazi cha nane. Zikiwa tarakimu tano, soma mbili za kwanza: i5-10400 ni ya kizazi cha kumi. Usitegemee jina la sanduku. Dell waliuza OptiPlex 7010 mwaka 2012 ikiwa na prosesa za kizazi cha tatu, na mwaka 2023 wakalirudia jina hilohilo kwenye mashine ya kizazi cha kumi na tatu. Ukinunua kwa simu kutoka mji mwingine, omba picha ya ukurasa wa prosesa, si picha ya sanduku.

Kizazi cha tatu na cha nne hutumia RAM ya DDR3. Kuanzia cha sita, mashine nyingi za ofisi zilihamia DDR4, ingawa baadhi za bei ya chini zilibaki na DDR3L, kwa hiyo angalia kabla ya kulipa. DDR3 ina pini 240 na DDR4 ina 288, na pengo la katikati limekaa mahali tofauti. Haziingiliani, na kulazimisha ni kuvunja sloti. Kuanzia kizazi cha sita pia ndipo utakapokuta kwa kawaida nafasi ya M.2 (sloti nyembamba ya SSD iliyo juu ya madabodi) na BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine, inayoweza kuiwasha kutoka SSD ya NVMe, aina ya kasi zaidi. Na kizazi cha nane ndicho mlango wa Windows 11. Tutarudi hapo.

SSD kwanza, na namna ya kutojikwaa

Ikiwa mashine yako bado inawaka kwa diski ya kuzunguka, weka SSD kabla ya kingine chochote. Kwa kazi za ofisi GB 256 zinatosha. Studio ianze na 512 na kuziacha picha na video kwenye diski kubwa ya zamani. Katika OptiPlex 9020 au EliteDesk 800 G1, za kizazi cha nne, nunua ile ya SATA ya inchi 2.5, inayounganishwa kwa waya kama diski ya zamani. Kuna vikadi vya kubeba NVMe kwenye sloti ya PCIe, ile ya kadi za nyongeza, na Windows itaiona, lakini huenda BIOS ya mashine hizo isiweze kuwaka kutoka humo bila kuchezewa. Wala huna cha kujutia. SATA husoma kama megabaiti 550 kwa sekunde na NVMe ya PCIe 3.0 hufika 3,500, ila kwa Word, kivinjari na QuickBooks macho yako hayataona tofauti. Kinachokufaa ni ule wepesi wa kujibu, ambao zote mbili wanao. Ikiwa mashine ina nafasi ya M.2, uliza kama inapokea NVMe au SATA, kwa sababu vipande hivyo vinafanana kwa umbo na kimoja hakitatambuliwa kwenye nafasi ya mwenzake.

Waya hukwamisha wengi. Sanduku dogo huenda likawa na waya moja tu ya umeme ya SATA iliyo wazi. Watu hufikiria kuchukua ya DVD, lakini DVD nyembamba hutumia kichwa kidogo cha pini 6 ambacho hakiingii kwenye SSD yenye kichwa cha pini 15. Nunua kigawanyio cha waya mapema, usije ukaanza kazi Jumamosi jioni maduka yamefungwa. Fremu ya kubeba SSD si lazima. Haina kinachotikisika, na tepu imara ya pande mbili inatosha.

Kuhamisha Windows, programu ya kunakili diski ya Clonezilla ni ya bure na inafanya kazi, lakini kwa kawaida hudai diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Diski ya GB 500 haitahamia moja kwa moja kwenye SSD ya 256 hata kama imejaa robo. Bora uweke Windows upya. Leseni haipotei: mashine zilizouzwa na Windows 8 au ya baadaye huwa na ufunguo ndani ya BIOS, na leseni iliyokwisha kusajiliwa imefungwa kwenye madabodi, si kwenye diski. Ubadilishapo madabodi ndipo unapoipoteza.

Kuna mtego mmoja katika Dell. Nyingi huja na mpangilio wa SATA ukiwa RAID On. Ukiubadilisha kuwa AHCI baada ya Windows kuwekwa, utakutana na skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Haijaharibika, rudisha ulivyokuwa itawaka. Kama unataka AHCI, chagua kabla ya kuweka Windows.

SSD bandia zipo, hasa zile zinazodai ukubwa mwingi kwa bei ya kutupa. Tumia programu ya H2testw kuijaza yote na kuisoma tena kabla hujaikabidhi data. Ikikataa katikati, irudishe dukani siku hiyohiyo. Na ikianza kazi, iachie nafasi wazi, kama sehemu moja kwa tano. SSD iliyojaa pomoni huandika polepole.

RAM ya bei rahisi isiyowaka

Kwa saiba au ofisi leo, GB 8 ni kiasi cha kuanzia na 16 ni starehe. Kwa CorelDRAW yenye mabango makubwa, au kuhariri video, anza na 16. Nunua vipande viwili vinavyolingana badala ya kimoja kikubwa. Prosesa huzungumza na vyote viwili sambamba, na kwa kuwa picha za skrini kwenye mashine hizi huchorwa kwa kutumia RAM hiyohiyo, utaliona hilo hata kwenye video. Kwenye madabodi nyingi sloti mbili za kuanzia hutofautishwa kwa rangi ya vishikio. Fuata mchoro uliobandikwa ndani ya mfuniko.

Mitego ya DDR3 ni miwili. Kuna vipande vya GB 8 vinavyouzwa rahisi mno vikiwa vimeandikwa kwamba ni vya AMD. Hivyo havitaiwasha madabodi ya Intel. Vingine vilitolewa kwenye seva na huandikwa Registered au RDIMM. Umbo ni lilelile, lakini OptiPlex au EliteDesk ya kawaida haivikubali. Vinafaa baadhi ya mashine za kazi nzito, na hata humo havichanganywi na vya kawaida. Kipande kilichoandikwa PC3-12800R kinajitangaza kwa ile R ya mwisho.

Mashine ikikataa kuonyesha picha baada ya kuweka RAM, usidhani imekufa. Chomoa umeme, toa vipande vyote, sugua pini zake taratibu kwa kifutio cha penseli, futa vumbi, rudisha kimoja na uwashe. Kisha jaribu kingine peke yake. Ukipata kinachokataa kila sloti, ni kibovu; ukipata sloti inayokataa kila kipande, tatizo ni la madabodi. Angalia pia betri ya saa, ile bapa ya CR2032. Ikiisha, tarehe hurudi nyuma kila stima ikipotea, na kivinjari hukataa tovuti salama kama eCitizen kwa kuwa cheti chake kinaonekana si halali. Wapo waliobadilisha mashine nzima kwa ajili ya betri hiyo.

Pesa inakozama

Ushauri wa kubadilisha prosesa ndio tunaoukataa mara nyingi zaidi. Kutoka i5-4570 hadi i7-4790, zote za kizazi cha nne, kasi ya juu inapanda kutoka GHz 3.6 hadi 4.0. Viini ni vinne kwa vinne. i7 inaweza kushika kazi nane kwa zamu, jambo linalosaidia wakati wa kutoa video iliyokamilika, lakini mtu wa Word na kivinjari hatahisi kitu. Kuna hali moja inayofaa: mashine iliyonunuliwa na i3 ya viini viwili, grafu zake zote zimejaa, na i7 ya kizazi hichohicho imepatikana kwa bei nzuri. Hapo viini vinaongezeka mara mbili.

Kuruka kizazi usijaribu kwa kukisia. Prosesa za kizazi cha sita, saba na nane zote hukaa kwenye soketi ya miguso 1151, na kwa macho zinaingia. Lakini za nane zinahitaji madabodi ya mfululizo wa 300. Ukiweka i5-8500 kwenye madabodi ya i5-6500 haiwaki. Na kubadilisha madabodi ndani ya sanduku la Dell au HP si kama kwenye tawa ya kawaida. OptiPlex 9020 ina pawa saplai yenye kichwa cha pini 8 badala ya zile 24 za kawaida, EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6, na hata kitufe cha mbele kina waya zake. Ukianza kubadilisha madabodi utabadilisha pawa saplai, halafu sanduku, halafu RAM, na mwisho umenunua kompyuta mpya kwa bei ya reja reja.

Kadi ya picha ina mpaka wake pia. Sloti ya PCIe hutoa wati zisizozidi 75, na pawa saplai ya OptiPlex 9020 ndogo ni ya wati 255 bila waya ya ziada ya kadi. Kwa hiyo kadi inayofaa ni ile isiyodai waya na, kwa sanduku dogo, yenye kimo cha nusu: GT 1030 ya wati 30, Quadro P620 ya 40, au GTX 1650 ya 75 iliyotengenezwa kwa kimo hicho. RX 6400 hula wati 53 tu, lakini hutumia njia nne za PCIe peke yake na hupungukiwa kwenye mashine za PCIe 3.0, tena haina uwezo wa kutengeneza video kwa maunzi yake. Usinunue GT 710 ukitumai mageuzi; haiizidi kwa maana picha ya ndani ya prosesa ya kizazi cha sita.

Wapiga video wa matanga na harusi wa Nyanza na Magharibi wana swali lao la pekee, nalo linastahili jibu kamili. Mteja analeta video zilizorekodiwa na simu mpya, mashine ina GB 16 na SSD, na bado picha inaruka ruka kwenye programu ya kuhariri. Simu nyingi hurekodi kwa mfumo wa HEVC, ambao hubana sana. Prosesa za Intel za kizazi cha nne hazina kisehemu cha maunzi cha kuufungua, kwa hiyo viini hufanya kazi hiyo kwa nguvu tupu. Kizazi cha sita hufungua HEVC ya biti 8, na cha saba hufungua pia ya biti 10. Dawa ya kwanza haigharimu: iambie simu irekodi kwa mfumo wa zamani zaidi wa H.264, au kwenye DaVinci Resolve na Premiere utengeneze nakala nyepesi za kuhariria zinazoitwa proxy, kisha utoe video kamili kutoka kwenye faili asili. Dawa ya pili ni kadi kama GTX 1050 Ti au 1650, ambazo hufungua HEVC ya biti 10 kwa maunzi yake. RAM zaidi haimo kwenye orodha hii.

Windows 11, na mashine zinazokataliwa bila kosa

Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani unafika 13 Oktoba 2026. Windows 11 hudai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au baadaye, isipokuwa chache sana za kizazi cha saba, pamoja na TPM 2.0 (kisehemu cha usalama), UEFI (mtindo mpya wa BIOS) yenye Secure Boot, RAM ya GB 4 na diski ya GB 64.

Lakini mashine nyingi za kizazi cha nane huku kwetu huambiwa hazifai ilhali zinafaa. Muuzaji aliweka Windows 10 kwa mtindo wa zamani wa Legacy, TPM imezimwa, na programu ya ukaguzi inasoma hivyo na kukataa. Andika tpm.msc kwenye kisanduku cha Run. Ikisema haipatikani, ingia BIOS na uwashe TPM au Intel PTT. Kisha weka nakala ya akiba ya faili zako, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali, rudia ukiweka /convert mahali pa /validate. Zima, ingia BIOS, badilisha Legacy kuwa UEFI, washa Secure Boot. Ukibadilisha BIOS kabla ya diski, mashine haitapata Windows, na hapo ndipo watu hukimbia kuiuza.

Za kizazi cha tatu hadi cha saba zinaweza kuwekewa Windows 11 kwa njia za kukwepa ukaguzi, na nyingi huwaka vizuri. Hatuipendekezi kwa mashine inayoshika hesabu za biashara au fomu za watu, kwa kuwa Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine kama hiyo. Kwa saiba ambayo kazi zake zote ni za kivinjari, kuchapisha na kuskani, Linux Mint 22, mfumo wa kukaa mahali pa Windows, ni chaguo la heshima: ni ya bure na ina masasisho hadi mwaka 2029. Ijaribu kwa wiki kutoka kwenye flashi au diski ya pembeni, ukiwa na printa na skana yako yenyewe na zile faili za Excel zenye makro. Anayetegemea CorelDRAW au QuickBooks ya kwenye mashine abaki Windows.

Hesabu ya mwisho

Tafuta bei tatu siku moja: SSD, RAM unayohitaji, na mashine ya ex-UK ya kizazi cha nane yenye SSD tayari. Toa kwenye bei hiyo ya tatu kiasi ambacho duka litakupa kwa kuipokea ya zamani. Vipuri vikizidi nusu ya kinachobaki, hamia mashine hiyo ya kizazi cha nane. Vikiwa chini ya nusu, na kipimo chako kilionyesha diski au RAM ndiyo inayongojewa, ongeza. Kisha uliza kipi utakiondoka nacho kesho. SSD ya SATA utaihamishia kwenye mashine ijayo. DDR3 itabaki na mashine yake hadi mwisho, kwa hiyo usiijaze GB 32 kwa sababu tu sloti zipo.

Weka UPS, betri ya akiba ya umeme, kwenye hesabu hiyo, hasa ukanda wa magharibi ambako stima hupotea na kurudi kwa kishindo. Ya VA 650 inakupa dakika za kuhifadhi na kuzima, si za kumaliza siku. Printa ya leza usiichomeke humo. Ikipasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na UPS huangusha vyote. Na ukikuta pawa saplai ya zamani yenye swichi nyekundu ya 115 na 230 nyuma, hakikisha iko 230 kabla ya kuichomeka ukutani.

Ukiamua kuiuza au kubaki na diski yake pembeni, kumbuka kilichomo. Diski ya saiba hubeba skani za vitambulisho, PIN za KRA na vyeti vya watu wa mtaa mzima, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhesabu wewe kuwa mlinzi wake. Kufuta faili na kumwaga pipa hakuziondoi. Kwa diski ya kuzunguka, ichomeke kwenye mashine nyingine, chagua Format na uondoe alama kwenye Quick Format. Itachukua saa kadhaa kwa kuwa Windows huandika sifuri juu ya kila sehemu. Kwa SSD, tumia Data Wipe ya Dell au Secure Erase ya HP iliyo ndani ya BIOS, ukiwa umechomoa kwanza diski nyingine zote.